Kuziba Ufa Mjini Bujumbura: Historia ya Wazee wa Usuluhishi na Suala la Gharama

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuwafundisha wanafunzi wake methali isemayo, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Huwaeleza kwamba ufa ni kosa dogo na ukuta ni hasara kubwa, kisha darasa huendelea na methali nyingine. Katika makala haya nakusudia kuichukua methali hiyo kwa maana iliyo karibu zaidi na mawe na saruji. Ufa ni ugomvi wa majirani: deni lisilolipwa, mfereji uliopindishwa, mpaka wa shamba uliosogezwa usiku. Ukuta ni ukuta wa gereza. Nchi zote hulipa gharama za kujenga ukuta na kuulinda. Swali ambalo historia ya Burundi inatuuliza ni hili: je, ni nani anayelipa gharama za kuziba ufa?

Nimeuchagua mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, kuwa mahali pa kulitazamia swali hili. Sababu ni kwamba mtaa huo hauna kilima wala ukoo mmoja. Wabelgiji walipoupanga mji waliouita Usumbura, waliwagawa wakazi kwa rangi zao. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika wakawekwa Buyenzi na Bwiza, na baadaye Ngagara, na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi na Arabuni wakapewa sehemu yao iliyoitwa, pasipo kuficha neno, mtaa wa Waasia. Jina hilo limebaki hata baada ya mgawanyo wenyewe kuondoka. Leo katika maduka yake ya jumla na ya rejareja utamkuta Mrundi wa kutoka bara, Mkongo wa kutoka Uvira, mjukuu wa Mhindi na mjukuu wa Mwarabu, nao wote wakipatana bei kwa Kiswahili. Wanapogombana pia hugombana kwa Kiswahili. Basi mtu akitaka kujua kama usuluhishi wa wazee unaweza kuishi mjini, mtaa wa namna hii ndio mtihani wake.

Yatupasa kwanza kupanda vilimani, kwani huko ndiko desturi yenyewe ilikozaliwa. Warundi wa kale walikuwa na watu walioitwa abashingantahe. Mmoja wao huitwa umushingantahe. Jina hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kirundi: gushinga, yaani kusimika au kukita kitu kikasimama imara, na intahe, yaani fimbo ya haki. Mzee aliyetoa uamuzi aliigonga ardhi kwa fimbo hiyo, na kitendo chenyewe kikawa ndiyo lugha ya hukumu. Kwa hiyo umushingantahe ni mtu aliyeisimika haki mahali pake.

Cheo hiki hakikurithiwa kama mali. Mtu alitazamwa na majirani kwa muda mrefu: je, anasema kweli hata ikimwumiza? Je, anatunza siri? Je, anajua kunywa pombe pasipo kunywewa nayo? Aliyeridhisha alisimikwa mbele ya watu wote wa kilima, akala kiapo, na tangu siku hiyo neno lake likawa na uzito. Wahutu na Watutsi waliweza kusimikwa. Lakini tusiipambe desturi kupita kiasi. Watwa walibaguliwa, na mwanamke hakusimikwa kwa nafsi yake, ingawa mke alihesabiwa kuwa mwenzi wa mumewe katika heshima hiyo.

Kazi ya wazee hao haikuwa kumtafuta mshindi. Walisikiliza pande zote mbili hadharani, wakawauliza mashahidi, wakajitenga kidogo kushauriana, kisha wakarudi na neno moja. Aliyekosa alilipa fidia, na mara nyingi shauri lilifungwa kwa wagomvi kunywa pamoja. Hakuna aliyefungwa, kwani kilima hakikuwa na gereza. Adhabu kubwa ilikuwa kukataliwa na jamaa, na kwa mkulima anayemhitaji jirani yake wakati wa mavuno, hiyo haikuwa adhabu ndogo.

Hata hivyo, jambo moja husahauliwa na wanaoisifu desturi hii: haikuwa bure. Wenye shauri walileta pombe kwa ajili ya wazee, nayo iliitwa agatutu. Katika maisha ambamo kila nyumba ilikuwa na mtama au migomba, agatutu ilikuwa heshima zaidi ya malipo. Lakini ilibaki kuwa gharama, na iliyemwelemea zaidi ni yule asiyekuwa na kitu. Hapo ndipo mzizi wa suala letu la leo ulipo. Tangu mwanzo palikuwa na mfuko wa kuziba ufa, na mfuko huo ulikuwa wa mwenye shida mwenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuja namna nyingine ya kutunza amani. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1903, katika mkataba wa Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alilazimishwa kuukubali utawala wao na kutozwa faini ya ng'ombe. Pamoja na askari wa Kijerumani kilikuja Kiswahili, na katika maneno ambayo Kiswahili cha zama hizo kilibeba mgongoni mwake limo hili: hamsa ishirini. Hizo ni fimbo 25 za kiboko, zilizohesabiwa kwa sauti mbele ya watu. Sisi walimu tunaoitukuza lugha yetu yafaa tukumbuke kwamba kwa Warundi wengi wa wakati ule, Kiswahili kilisikika kwanza kama lugha ya amri na ya kiboko, kabla hakijawa lugha ya duka na ya ujirani.

Wabelgiji, waliofika mwaka 1916, hawakuufuta ushingantahe kwa tamko. Waliupunguza nguvu kidogokidogo kwa kuanzisha mahakama za wenyeji zilizosimamiwa na machifu wao, zenye karani, daftari na mahabusu. Mjini walikwenda mbali zaidi. Makazi ya Waafrika wa Usumbura waliyaita kwa Kifaransa "centre extra-coutumier", yaani mahali palipo nje ya mila. Tulitafakari jina hilo. Mtu alipoteremka kutoka kilimani akaingia mjini, kwa macho ya sheria alikuwa ameziacha mila zake njiani. Huko nyuma alikuwa na wazee waliomjua baba yake. Hapa alikuwa na polisi, kodi, kibali cha kukaa na kifungo.

Watu wenyewe, hata hivyo, hawakukubali kuwa nje ya kila kitu. Penye msikiti palikuwa na wazee wa msikiti. Penye jamatini palikuwa na wazee wa jamatini. Wenye maduka walijua ni nani wa kumwendea mkopo unapoleta maneno. Usuluhishi wa barazani, baada ya sala ya alasiri au wakati wa kufunga duka, uliendelea bila kuandikwa popote. Serikali haikuukataza wala haikuutambua. Nao kwa kuwa ulifungamana na dini na jamaa, ulikuwa na kasoro yake: uliwapatanisha watu wa jamaa moja, lakini ulikwama shauri lilipokuwa baina ya Mhindi mwenye duka na Mrundi mpagazi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, na ufalme ulipoondolewa Novemba 1966, wengi walitazamia kwamba intahe ingerudi mahali pake. Ilirudi, lakini mkononi mwa chama. Katika miaka ya chama kimoja, waliopewa jina la abashingantahe mara nyingi walikuwa watu wa utawala na wa chama, ambao hakuna jirani aliyewapima. Sheria ya mahakama ya mwaka 1987 iliwataja wazee wa kilima kuwa hatua ya kupatanisha kabla ya mahakama. Hilo lilikuwa jema kwa maandishi. Lakini mzee aliyeteuliwa kutoka juu husikilizwa kwa woga, wala woga si upatanisho.

Kisha ukaja msiba wa Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, na mauaji yakaenea nchini. Wako wazee waliosimama mlangoni na kuwaficha majirani wa kabila jingine kwa kuhatarisha roho zao. Wako pia walioshindwa, na walioshiriki. Kwa ajili ya wale wa kwanza, Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliutaja ushingantahe kuwa urithi unaostahili kufufuliwa, ukatoe haki ya upatanisho katika ngazi ya kilima.

Tangu hapo sheria imekuwa kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Sheria ya tarafa ya Aprili 2005 ilianzisha halmashauri za kuchaguliwa za vilima na mitaa, nayo ikazitaka zisuluhishe magomvi ya ujirani pamoja na abashingantahe. Marekebisho ya Januari 2010 yakaliondoa jina la abashingantahe, wakabaki wa kuchaguliwa peke yao. Mwezi Januari 2021 sheria mpya ilirudisha baraza la wazee, safari hii wakiwa wa kuchaguliwa na wakazi na si wa kusimikwa kwa kiapo cha kale. Na uchaguzi wake ukafanyika mwaka 2022. Kwa mashauri ya madai, hasa ya ardhi, ambayo ndiyo huzijaza mahakama za Burundi, wenye ugomvi hutakiwa kupita kwanza barazani kabla ya kwenda mbele ya hakimu.

Kwa nini serikali ilirudi kwa wazee? Jibu moja linapatikana ukutani. Kufikia mwaka 2021 magereza 11 ya Burundi yalikuwa na nafasi za watu wapatao 4,194, lakini yalibeba zaidi ya 12,000, na wengi wao walikuwa mahabusu ambao hawajahukumiwa. Gereza la Mpimba, Bujumbura, lilijengwa kwa ajili ya watu 800, nalo limezoea kubeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Mwaka huohuo wa 2021 msamaha wa Rais uliwahusu wafungwa zaidi ya 5,000. Na bado, alfajiri ya tarehe 7 Desemba, moto ulipozuka katika gereza la Gitega, lililokusudiwa watu 400, walikuwamo humo watu kama 1,500. Serikali ilitangaza siku hiyo vifo vya watu 38. Waliokufa humo hawakuuawa na moto tu. Waliuawa pia na msongamano.

Msamaha hupunguza maji yaliyojaa ndani ya mtumbwi, hauzibi tundu. Kanuni ya adhabu ya mwaka 2009, ileile iliyoondoa hukumu ya kifo, iliweka pia adhabu ya kazi za manufaa kwa jamii badala ya kifungo. Lakini kazi hizo zinahitaji msimamizi, daftari na mahali pa kufanyia. Na kifungo, kwa kuwa jengo lipo tayari, huonekana rahisi. Kumbe si rahisi hata kidogo. Kila mfungwa anakula, analindwa, na shamba lake linalala.

Tumefika sasa kwenye kiini cha hoja. Wazee wa baraza hufanya kazi ya kujitolea. Wanatakiwa kusikiliza, kwenda kuutazama mpaka unaogombewa, kuandika walichokiona na kukifikisha kunakohusika. Karatasi hugharimu. Siku ya kusikiliza shauri ni siku isiyofunguliwa duka wala kulimwa shamba. Gharama hii isipolipwa kwa njia iliyo wazi, italipwa kwa njia ya kificho, na njia hiyo twaijua jina lake: agatutu imegeuka kutoka kibuyu cha heshima ikawa bahasha. Mwenye haki asiye na bahasha atarudi nyumbani na hasira yake, na ufa utazidi kupanuka.

Wako wasemao: basi wazee walipwe mishahara. Hoja hii ina uzito, lakini ina hatari yake. Mzee mwenye mshahara wa serikali atamtazama anayemlipa kabla ya kumtazama jirani yake. Na historia ya miaka ya chama kimoja imekwisha kutuonyesha mwisho wake. Wengine husema: wasipewe chochote, kwani ushingantahe ni utu, na utu haununuliwi. Maneno haya ni mazuri, ila mara nyingi husemwa na watu wenye mishahara.

Majirani zetu wamejaribu njia kati ya hizo mbili. Tanzania ilitunga mwaka 1985 sheria ya Mabaraza ya Kata, yenye wajumbe wasiopungua 4 wala kuzidi 8, ambayo iliyapa mabaraza hayo kazi ya kwanza ya kutafuta amani na maelewano kwa njia ya usuluhishi, wala mawakili hawakuruhusiwa humo. Mwaka 2021 uwezo wa mabaraza hayo wa kuamua migogoro ya ardhi uliondolewa, yakabakiwa na kupatanisha. Rwanda, tangu mwaka 2004, ina wapatanishi waitwao abunzi, ambao hawapewi mshahara lakini serikali huwalipia bima ya afya. Ni jambo dogo, lakini lina hekima: mzee hanunuliwi, ila hapotezi kwa ajili ya wenzake.

Wala suala hili si la nchi maskini peke yake. Mwezi Juni 2021 Cori Bush, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kutoka Missouri, alipeleka muswada wa kutenga fedha za serikali kuu kwa ajili ya usalama unaoongozwa na jamii yenyewe, na kuuweka usalama huo chini ya idara ya afya badala ya polisi na magereza. Muswada huo haukuwa sheria. Lakini swali lake ni lilelile la Bujumbura, nalo liliulizwa katika nchi yenye magereza mengi na fedha nyingi: kwa nini ukuta upate bajeti kila mwaka, na ufa usubiri hisani?

Hapana budi tutahadhari pia, kwani si kila kinachoitwa "cha jamii" ni upatanisho. Sungusungu walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walirudisha ng'ombe wengi walioibwa, na watu wakawashukuru. Lakini katika mikono ya baadhi yao kulikuwa na viboko, na walioshukiwa uchawi waliteswa. Huku Burundi, Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyofanya kazi kuanzia 2016 hadi 2021 iliwataja Imbonerakure, vijana wa chama tawala, miongoni mwa waliowadhulumu raia mitaani na vilimani. Kundi linalotoka mtaani laweza kuwa kali kuliko polisi. Fedha zikipewa kundi la namna hiyo, zitakuwa zimenunua hamsa ishirini kwa jina jipya.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, sheria yoyote itakayotenga fedha kwa ajili ya usuluhishi wa mitaa yafaa ishike mambo matatu ambayo historia imetufundisha. Kwanza, ilipiwe kazi ya baraza na si mdomo wa mzee: mahali pa kukutania, karatasi, nauli ya shahidi, mafunzo, na bima ya ugonjwa. Pili, hesabu yake isomwe hadharani mbele ya wakazi, kama hukumu ilivyosomwa zamani, ili bahasha ikose pa kujificha. Tatu, baraza lisipewe mamlaka ya kumpiga wala kumfunga mtu. Siku litakapoyapata litakuwa limeacha kuwa baraza.

Nayo Asiatique itafuata nini, mahali ambapo hakuna aliyemjua babu wa mwenziwe? Nadhani jibu liko katika ile kasoro ya baraza za zamani. Wazee wa msikiti, wa jamatini na wa kanisani walipatanisha watu wao tu. Baraza la mtaa lililochaguliwa na wakazi wote, wanawake wakiwamo, ndilo linaloweza kumketisha mwenye duka na mpagazi katika benchi moja. Haliwezi kudai heshima ya kilima. Italazimu liipate shauri kwa shauri. Nalo litahitaji lugha ambayo wote wawili wanaimiliki sawasawa, asiwepo mmoja wa kutafsiriwa na mwingine wa kutafsiri. Katika mtaa ule lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili.

Hapa, walimu wenzangu, ndipo kazi yetu inapoingia. Tunafundisha insha na barua. Je, tumewahi kumfundisha mwanafunzi kuandika kumbukumbu za shauri, ili maneno ya asiyejua kusoma yaandikwe kama alivyoyasema? Tunafundisha msamiati wa mahakama: mshtaki, mshtakiwa, hukumu, kifungo. Je, tunaufundisha kwa bidii iyo hiyo msamiati wa suluhu: kusikiliza, kukiri, kufidia, kuridhiana? Lugha iliyobebeshwa hamsa ishirini yaweza kubebeshwa na haya. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayekalia benchi la baraza kesho, awe mzee au awe mwenye shauri, na ufa wa siku hiyo utakuwa mbele yake.